Kuongeza, Kuhuisha, Kunasa: Uhakiki wa Lugha ya Vitamini na Oksidi ya Nitriki

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi za sayansi imeonekana machoni pa wengi kuwa ni kazi ya majina. Neno la kigeni huletwa mezani, wajumbe hulipima, huamua kulitohoa au kulitafutia mwenzake katika hazina tuliyo nayo, na mwishowe jina huingia katika orodha. Hapana ubaya katika utaratibu huo. Lakini orodha ya majina, hata iwe ndefu kama ukili, haijafanya sentensi. Sentensi huendeshwa na kitenzi, na kitenzi ndicho ambacho mfasiri wa maarifa ya tiba huachiwa akiokote mwenyewe njiani. Makala haya yanakusudia kuhakiki sentensi moja tu ya namna hiyo, neno kwa neno, ili ionekane jinsi majina yaliyosanifiwa vyema yanavyoweza kuongozwa na kitenzi kibovu hadi mahali pa hatari.

Sentensi yenyewe ni hii: vitamini huongeza upatikanaji wa oksidi ya nitriki mwilini. Hutokea kwa sura mbalimbali katika maelezo ya vidonge vya lishe, katika safu za afya za magazeti, na siku hizi katika tafsiri za mashine. Kisarufi haina dosari. Msahihishaji wa darasani angeipa alama zote. Hata hivyo, katika maneno yake makuu hakuna hata moja lisimamalo bila kuyumba, na yafaa tuyachukue moja baada ya jingine.

Tuanze na jina la kitu chenyewe, kwa kuwa ndilo jepesi. Kinachotajwa hapa ni gesi isiyo na rangi, ambayo molekuli yake ina atomi moja ya nitrojeni na atomi moja ya oksijeni. Iitwapo oksidi ya nitriki, msomaji wa Kiswahili hulisoma jina hilo kama asomavyo maji ya nazi au mafuta ya alizeti: huamini kwamba kiko kitu kiitwacho nitriki ambacho oksidi hii imetoka kwacho. Kitu hicho hakipo. Mwisho wa neno hilo ni salio la kiambishi cha kigeni ambacho kwa mkemia wa Ulaya kilieleza daraja la elementi ndani ya kampaundi. Katika lugha yetu kiambishi hicho hakina kazi yoyote. Kimebaki kama mkia wa mjusi uliokatika.

Lingekuwa jambo dogo kama gesi hii isingekuwa na jirani. Jirani yake ni oksidi ya nitrasi, yenye atomi mbili za nitrojeni kwa moja ya oksijeni, ambayo madaktari huitumia katika nusukaputi na ambayo hupewa pia jina la gesi ya kuchekesha. Kati ya nitriki na nitrasi kuna tofauti ya silabi mbili tu, na katika mada hii ya vitamini silabi hizo zina uzito mkubwa. Oksidi ya nitrasi huiharibu vitamini B12: huishambulia atomi ya kobalti iliyo katikati ya molekuli yake na kuifanya isiweze tena kukisaidia kimeng'enya kinachoitegemea. Mgonjwa ambaye tayari ana upungufu wa vitamini hiyo, akipewa nusukaputi ya gesi hiyo, anaweza kupata madhara ya uti wa mgongo na neva. Sasa afikirie msomaji: mwandishi mmoja asema kwamba oksidi ya nitriki ni rafiki wa mishipa ya damu, na mwingine asema kwamba oksidi ya nitrasi ni adui wa vitamini B12. Mpiga chapa akikosea silabi hizo, au mwuguzi akizisikia vibaya, rafiki na adui hubadilishana majoho.

Kwa sababu hiyo napendekeza, na si mimi wa kwanza, tulifuate pambo ambalo tumekwisha kulishona wenyewe. Tunasema monoksidi ya kaboni na dioksidi ya kaboni, na mwananchi aliyesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakafa hana shida ya kujua kwamba hizo ni gesi mbili tofauti. Basi gesi yetu na iwe monoksidi ya nitrojeni. Ile ya kahawia itokayo katika moshi wa magari, dioksidi ya nitrojeni. Na ile ya nusukaputi, oksidi ya dinitrojeni. Majina ni marefu, nakiri. Lakini kila jina linahesabu atomi zake mbele ya msomaji, na hapana mkia wa mjusi. Katika makala haya nitalitumia jina hilo kuanzia hapa.

Pana jambo la kufunza katika historia ya jina hili. Mwaka 1980, Robert Furchgott na msaidizi wake John Zawadzki, huko New York, walionyesha kwamba kipande cha mshipa mkubwa wa sungura hulegea kikitiwa dawa ya asetilikolini endapo tu utando wake wa ndani haukukwanguliwa. Utando huo, basi, ulikuwa ukitoa kitu. Kitu gani, hawakujua. Kwa miaka kadhaa wataalamu walikiita kwa kazi yake, jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema kilegezi kitokacho utandoni. Mnamo 1987 ndipo kundi la Salvador Moncada huko Uingereza na kundi la Louis Ignarro huko Marekani walipothibitisha kwamba kilegezi hicho ni monoksidi ya nitrojeni. Ferid Murad alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1977 kwamba nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo iliyotumika tangu karne ya 19 pasipo mtu kujua siri yake, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyohiyo. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Linalotuhusu sisi wa istilahi ni hili: katika miaka ile ya kutojua, jina lililotokana na kitenzi liliwafaa sana. Lilisema lile tu lililokuwa limeonekana, yaani kulegeza, na halikusema zaidi.

Ama neno vitamini, limekwisha kuwa letu na hakuna anayedai lirudishwe bandarini. Tukumbuke tu kwamba lilizaliwa na kosa. Casimir Funk alipolibuni mwaka 1912 alidhani kwamba vitu hivyo vyote ni amini zilizo za lazima kwa uhai. Ilipodhihirika kwamba vingi si amini kabisa, Jack Drummond alishauri mwaka 1920 herufi ya mwisho ya neno hilo katika Kiingereza iondolewe ili lisiendelee kudai lisilo kweli. (Katika tahajia yetu amini ya kemia na amini ya moyoni zimekuwa neno moja, na nadhani wauza vidonge wananufaika.) Vivyo hivyo kimeng'enya chetu kimetoka katika kumeng'enya chakula, lakini leo tunakitumia bila haya kwa kitu kinachojenga na kisichomeng'enya chochote. Jina hustahimili. Asili yake husahaulika, nalo huendelea kumwelekeza msikilizaji kwenye kitu kilekile. Kitenzi hakina stahamala hiyo. Kila kinapotamkwa hutenda kazi yake upya.

Ndipo tufikapo kwenye upatikanaji. Neno hili limejengwa kwa ufundi: pata, patika, patikana, upatikanaji. Lakini ufundi huo ndio unaomficha mtenda. Isemwapo sukari inapatikana, hatuambiwi kama kiwanda kimezalisha zaidi, au ghala limeacha kuvuja, au walaji wamepungua. Kwa mwenye duka si kitu. Kwa mwenye kueleza fiziolojia ni kila kitu, kwa kuwa habari nzima ya vitamini na monoksidi ya nitrojeni imo katika tofauti hizo.

Gesi hii hutengenezwa ndani ya utando wa mishipa ya damu na kimeng'enya maalumu, kutokana na asidi-amino iitwayo arginini pamoja na oksijeni. Sitrulini hubaki upande wa pili. Ikishatengenezwa huishi kwa sekunde chache tu. Sehemu huwahi kufika katika misuli ya mshipa na kuilegeza, nao mshipa hutanuka. Sehemu humezwa na himoglobini ya chembe nyekundu. Na sehemu hukutana na supaoksidi, ambayo ni oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada. Hizo mbili zikigusana huungana papo hapo, na kinachozaliwa ni peroksinitriti, kitu kikali kinachojeruhi chembe. Kwa hiyo gesi inayohesabika ni ile iliyofika, na hiyo si sawa na ile iliyotengenezwa. Maziwa yaliyokamuliwa kijijini alfajiri si kipimo cha maziwa yanayofika mjini kabla hayajachacha.

Kwa maana hiyo neno upatikanaji lingefaa libaki kwa mambo ya soko na maktaba, na mahali pake katika tiba tuchukue neno salio. Mtunza hesabu yeyote anajua kwamba salio ni kile kinachobaki baada ya mapato kukutana na matumizi, na kwamba salio likipungua ni lazima kuuliza ni upande gani wa daftari ulioharibika. Tukisema salio la monoksidi ya nitrojeni, swali hilo huja lenyewe mdomoni. Yuko atakayesema kwamba neno ni la benki. Ni kweli, hata shinikizo lilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuvishwa damu, na mpaka leo halijatulia katika vazi hilo, kwa kuwa tunasema shinikizo la damu kwa kipimo ambacho kila mtu hai anacho, na shinikizo la damu kwa ugonjwa.

Sasa kitenzi. Kuongeza ni kuweka zaidi juu ya kilichopo. Mgeni huongezwa chai kikombe kikiwa na chai. Mshahara huongezwa ukiwapo mshahara. Ndani ya kitenzi hiki hamna mpaka: anayeongeza leo anaweza kuongeza kesho. Vitamini, kwa sehemu kubwa, hazitendi hivyo hata kidogo.

Kimeng'enya kinachotengeneza gesi yetu hakifanyi kazi peke yake. Kina visaidizi vyake, na baadhi ya visaidizi hivyo mwili huvijenga kutokana na vitamini. Viwili hutokana na riboflavini, ambayo ni vitamini B2. Kimoja hutokana na niasini, ambayo ni B3. Visaidizi hivi ni kama mafiga. Likikosekana moja, chungu hakikai. Yakiwapo matatu, anayeleta figa la nne hakumwongezea mpishi ugali. Kitenzi cha vitamini hizi basi ni kuwezesha, na zinaporudishwa kwa mtu aliyepungukiwa, kitenzi ni kufidia. Kuongeza si mojawapo.

Hapa msomaji makini atapinga, naye ana haki, kwamba wananchi wamekuwa wakiviita vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vidonge vya kuongeza damu, na akina mama wajawazito wamenufaika navyo bila kuharibiwa na kitenzi. Jibu langu ni kwamba pale kitenzi kilisalimika kwa sababu ya mahali. Mama anayepewa vidonge hivyo hupewa kliniki, kwa idadi na kwa muda. Kliniki yenyewe ndiyo iliyoweka mpaka ambao kitenzi hakina. Kiondoe kitenzi hichohicho kliniki, kipeleke kwenye karatasi ya chupa inayouzwa dukani bila cheti, na hakuna tena anayekishika mkono.

Kisaidizi kingine cha kimeng'enya hiki ndicho kinachostahili tukikalie kidogo. Huitwa tetrahidrobiopterini, si vitamini, mwili hukijenga wenyewe. Kikipungua, au kikioksidishwa kwa sababu ya kisukari, sigara au ugonjwa mwingine wa mishipa, kimeng'enya hakisimami tu kama mashine iliyokatiwa umeme. Huendelea kuzunguka, lakini badala ya monoksidi ya nitrojeni hutoa supaoksidi, yaani kile hasa kinachoiangamiza gesi iliyotakiwa. Kisima hutoa sumu kwa kamba na ndoo zilezile. Hali hii haina jina la Kiswahili lililokubalika. Wanaotafsiri moja kwa moja husema kimeng'enya kimetenganishwa, msomaji akauliza kimetenganishwa na nini. Ningependa tuseme kimeng'enya kimekengeuka. Kukengeuka ni kuiacha njia huku mwendo ukiendelea, na ndicho kinachotokea.

Katika hali hiyo ndipo vitamini C na foleti zinapoonekana kufanya kazi yake ya maana. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba vitamini C huiokoa gesi kwa kuiwahi supaoksidi na kuimaliza. Maelezo ni mazuri na yanapendeza kusimulia, lakini hesabu inayakataa: supaoksidi huungana na monoksidi ya nitrojeni kwa kasi inayozidi ile ya kuungana kwake na vitamini C kwa mara makumi ya maelfu, na katika damu ya mtu mwenye lishe njema vitamini C haizidi sana maikromoli 50 hadi 80 kwa lita. Kwa kiasi hicho hawezi kushinda mbio. Ndani ya chembe za utando, ambamo vitamini hiyo hujaa zaidi, ina kazi nyingine: huirudisha tetrahidrobiopterini iliyoanza kuharibika katika hali yake ya awali, na kimeng'enya kikarejea njiani. Foleti nayo yaonekana kusaidia katika jambo hilohilo. Kitenzi kinachofaa hapa tunacho tangu zamani, nacho ni kuhuisha. Leseni iliyokwisha muda huhuishwa, haiongezwi.

Ushahidi wa vipimo unakiunga mkono kitenzi hiki kuliko nilivyotarajia. Mnamo 1996 zilichapishwa taarifa za watafiti waliopitisha vitamini C katika ateri ya mkono, wengine kwa wavutaji sigara, wengine kwa wagonjwa wa kisukari. Mishipa iliyokuwa mizito kutanuka ilirudishiwa sehemu ya uwezo wake. Watu wenye afya waliolinganishwa nao walipewa dawa ileile kwa njia ileile, na mishipa yao haikutanuka zaidi ya kawaida. Kama kazi ya vitamini ingekuwa kuongeza, wote wangeongezewa. Waliohuishwa ni wale tu waliokuwa na cha kuhuishwa.

Aliyesoma kuongeza, hata hivyo, atafanya hesabu ya kuongeza. Ataona kwamba ikiwa kidonge kimoja huongeza, viwili vitaongeza zaidi. Na ikiwa gesi hii hutanua mishipa na kuteremsha shinikizo, basi chupa ya vidonge vya vitamini yaweza kushika nafasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari. Mantiki yake ni timamu. Kitenzi ndicho kilichomdanganya. Majaribio makubwa yaliyofanywa kuipima fikira hiyo yamejibu vingine. Jaribio liliotangazwa mwaka 2000, lililowafuatilia wagonjwa 9,541 kwa kadiri ya miaka minne na nusu, halikuona kwamba vitamini E ya kipimo cha yuniti 400 kwa siku imepunguza mapigo ya moyo ya ghafla, kiharusi au vifo vitokanavyo na moyo. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya madaktari wanaume 14,641 wa Marekani, waliopewa vitamini E, vitamini C, zote mbili, au vidonge visivyo na dawa, kwa takriban miaka minane. Faida kwa moyo haikuonekana, na waliotumia vitamini E walipatwa zaidi na kiharusi cha kuvuja damu. Anayeacha vidonge vyake vya shinikizo kwa ajili ya chupa ya namna hii ameuacha mwavuli akashika picha ya mwavuli.

Vitamini D nitaipita upesi. Kazi yake ni ya namna ya homoni, hufanyika katika jeni, na habari zake kuhusu gesi yetu zimetoka zaidi katika maabara kuliko kwa wagonjwa. Mwandishi ajihadhari tu asichanganye vitamini hiyo na jua lenyewe, maana mwanga wa jua huweza kuifungua monoksidi ya nitrojeni iliyohifadhiwa ngozini pasipo vitamini D kuwa na mkono humo.

Ile inayoivunja kabisa sentensi yetu ni vitamini B12. Mojawapo ya maumbo yake, hidroksokobalamini, hushikamana na monoksidi ya nitrojeni. Daktari anayemtibu mtu aliyepatwa na sumu ya sayanidi humpa gramu 5 za dawa hiyo katika mshipa, kiasi kinachopita zaidi ya mara milioni mbili mahitaji ya mtu mzima kwa siku, ambayo ni maikrogramu 2.4. Shinikizo la damu la mgonjwa mara nyingi hupanda, na sababu inayotolewa ni kwamba dawa imeikamata gesi iliyokuwa ikiilegeza mishipa. Hii nayo ni vitamini. Na kitenzi chake ni kunasa, kama ulimbo unavyonasa ndege. Kwa kipimo cha chakula jambo hili halina madhara, na mlaji wa maini au dagaa asitishike. Lakini sentensi isemayo vitamini huongeza, bila kutaja vitamini gani, imekwisha kusema uongo kwa herufi moja na tarakimu mbili.

Sina budi kugusa neno moja ambalo halimo katika sentensi yetu lakini hufuatana nayo kama kivuli. Vitamini C na E huelezwa kuwa ni viondoa sumu. Supaoksidi si sumu iliyotoka nje. Chembe nyeupe za damu huitengeneza kwa makusudi ili ziue vijidudu. Anayesema sumu humwelekeza msomaji kwenye purgativu na dawa za kusafisha tumbo. Kizuiaoksidishaji ni neno gumu kutamka mara ya kwanza, lakini halidanganyi. Nimekuta pia katika tafsiri za mashine radikali za bure, kana kwamba kuna radikali nyingine za kulipia. Mashine imechukua maana ya dukani ya neno la Kiingereza ikaiacha ya kemia. Radikali huru inatosha.

Limebaki suala la mchicha, ambalo naliona kuwa la kwetu zaidi kuliko chupa zote. Mboga za majani, mchicha ukiwamo, na viazisukari vyekundu vina nitrati nyingi. Nitrati ikiliwa, sehemu yake hurudi mdomoni kwa njia ya mate, na bakteria wa ulimini huigeuza kuwa nitriti. Nitriti ikishuka katika tumbo lenye asidi hugeuka kuwa monoksidi ya nitrojeni, na vitamini C iliyomo tumboni huiharakisha safari hiyo. Jambo hili lilielezwa na watafiti wa Uingereza na wa Sweden mwaka 1994. Hapa, na hapa karibu peke yake, gesi huzidi kutengenezwa kwa sababu ya kilicholiwa. Hata hivyo malighafi ni nitrati, na vitamini ni kichocheo tu. Kitenzi cha vitamini hapa ni kuchochea, na majina mawili yanayohusika, nitrati na nitriti, hayana budi kuachwa kama yalivyo, irabu kwa irabu. Niliwahi kuona pendekezo la kuyaunganisha chini ya jina moja la chumvi za nitrojeni ili kumpunguzia msomaji mzigo. Msomaji akipunguziwa mzigo huo hataweza kamwe kuelewa kwa nini nitriti nyingi katika maji ya kunywa ni hatari kwa mtoto mchanga, ilhali mboga aliyokula mama yake ni njema.

Kwa kamati itakayoshughulikia istilahi za lishe, basi, ombi langu ni la mpangilio wa orodha. Mkabala wa kila jina la vitamini pawekwe safu ya vitenzi vinavyoruhusiwa: riboflavini na niasini huwezesha, vitamini C huhuisha, na katika tumbo huchochea, hidroksokobalamini hunasa. Foleti ningeiandikia huhuisha kwa wino mwepesi, mpaka watafiti wakubaliane zaidi. Vitamini E, kwa salio la gesi hii, ningeiachia nafasi tupu kwa sasa, na mhariri asishawishike kuijaza.